Maneno Yenye E, A na R

Binti yangu ana mchezo anaoupenda kwenye simu yangu. Kioo kinamwonyesha herufi tatu au nne, naye anatakiwa atafute maneno ya Kiingereza yenye herufi hizo zote kabla muda haujaisha. Huwa anacheza akiwa amelala kifudifudi kwenye kochi, miguu juu, huku mimi nikipika au nikinyoosha nguo za kazini. Jumapili moja tumetoka ibadani, ameshavua gauni na kulitupa anakojua yeye, akaniuliza bila kuinua macho nimpe neno lenye E, A na R, refurefu hivi. Nilikuwa namenya ndizi. Nikamjibu papo hapo, hata sikufikiri: leather. Simu ikapiga kengele ya kushangilia, binti akasema mama wewe ni noma. Mimi nikaweka kisu chini, nikatoka uani, nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa mpaka mafuta yakaungulia jikoni.

Neno lile halikuwa langu. Nilipewa na mtoto wa miaka minane aliyeitwa Anaeli, mtoto wa kiume wa mama yangu mdogo, aliyelisoma chini ya soli ya kiatu chake. Nilikuwa na maneno mengine ya mtoto huyo, machache tu, ya Kiswahili, ambayo mama yake aliniuliza nikamnyima. Nilikuwa na miaka kumi na moja nilipomnyima. Sasa nina nywele nyeupe za kutosha kuzificha kwa kilemba, na siku ile juu ya ndoo nilijua kwamba bado ninayo, kila moja mahali pake.

Wenzangu wa rika langu mtaikumbuka homa ile ya shule za Kiingereza. Ilishika Arusha nzima, mjini na mashambani. Mzazi akikutana na mwenzake mlangoni mwa kanisa, alijisifu kwamba mwanawe siku hizi Kiswahili kinampiga chenga, na mwenzake alirudi nyumbani hana raha. Baba yangu, mkulima wa kahawa asiye na makuu, naye akapatwa. Akashauriana na baba yake Anaeli, wakauza ng'ombe mmoja mmoja, na Januari tukapelekwa bweni upande wa pili wa Mlima Meru, mbele kidogo ya Ngaramtoni, kwenye shule ya mtu binafsi iliyokuwa na mabati mapya na geti jekundu.

Kwetu ni upande wa mashariki, kwenye migomba na mifereji, ambako mlima uko juu ya kichwa chako na msitu wake. Kule shuleni kulikuwa na upepo na vumbi jembamba lililoingia mpaka kwenye mswaki, na mlima ulisimama mbali, umegeuka sura. Anaeli alikataa katakata kwamba ule ni mlima wetu. Alisema wetu una miti na huu wameupata wapi. Nilimcheka, nikawaambia wenzangu nao wakamcheka, akanuna siku nzima. Lakini jioni nilimkuta amesimama nyuma ya jiko anautazama, nadhani akitafuta mahali anapopajua.

Siku ya kutuaga, mama mdogo alikuwa ameufunga mkono wa Anaeli ndani ya mkono wangu kama mtu anayefunga mzigo. Hakulia. Ni mwanamke mkavu, mchapakazi, anayeongea kidogo. Aliniambia, "Huko uendako wewe ndiye mama yake." Nilijibu sawa, na nilijiona mkubwa sana. Nilimfulia soksi, nilimkagua kucha, nilimvalisha sweta asubuhi kwa sababu mwenyewe alikuwa akilivaa mbele nyuma.

Ndani ya geti lile Kiswahili kilipigwa marufuku, Kimeru na Kimasai ndiyo usiseme. Kulikuwa na kibao cha mbao, ukubwa wa daftari, kimetobolewa matundu mawili na kupitishwa kamba ya katani, kimeandikwa kwa rangi nyekundu maneno ya Kiingereza ya kumtangaza mvaaji kuwa mjinga. Ukisikika ukisema neno moja la Kiswahili, aliyekivaa anakivua na kukuvika wewe, mradi wawepo mashahidi wawili. Kwa hiyo hakuna mwalimu aliyehangaika kutulinda. Tulilindana wenyewe. Mwenye kibao alizunguka siku nzima akiwa ametega masikio, akimkanyaga mtu kidole makusudi ili aseme aisee, akijificha chooni kusikiliza wanaonong'ona. Jioni aliyebaki nacho alipigwa viboko viwili vya mkono mbele ya mstari. Wengi wetu tuliamua kutosema kabisa. Wageni waliokuja kutembelea shule walitusifu kwa utulivu.

Madam wa Kiingereza, dada mmoja mrembo aliyevaa viatu virefu hata kwenye vumbi lile, alikuwa na shindano lake kwa darasa la tano. Jumatatu aliandika herufi tatu ubaoni, nasi tulikuwa na wiki nzima ya kukusanya maneno yenye herufi hizo zote, popote zilipo ndani ya neno. Alituambia kwamba neno ulilolipata ni lako, hakuna wa kukunyang'anya. Mimi nililichukua hilo jinsi lilivyo. Niliamini kwamba maneno unayoruhusiwa kusema ni yale uliyoyapata tu, na kwamba wale wakubwa wa darasa la saba walioongea bila kukwama walikuwa wamekusanya kwa miaka mingi mpaka yakawatosha. Nilikusanya kwa uchu. Ijumaa baada ya mstari Madam alihesabu, na mshindi aliandikwa jina kwenye karatasi ya rangi iliyobandikwa ukutani. Sharti lilikuwa moja: aliyefika mstari wa Ijumaa akiwa na kibao, maneno yake hayahesabiwi. Na kama Jumamosi yake ni ya kutembelewa na wazazi, mwenye kibao haitwi getini, mgeni wake anaambiwa arudi.

Alikuwepo pia matron, mama mnene aliyetembea na funguo kiunoni. Sikuwahi kumsikia akisema chochote isipokuwa Kiingereza, tena kifupi kifupi, cha amri: simama, oga, lala. Niliamini kabisa kwamba Kiswahili hakijui. Anaeli naye aliamini hivyo, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia. Nilimweleza kwamba ukimwendea matron na Kiswahili hatakusikia, ataona mdomo unacheza tu.

Wiki ninayoisema herufi zilikuwa E, A na R. Kufika Jumanne nilikuwa na teacher, learn, water, bread, prayer, fear, heart, na mengine mengi. Anaeli alikuwa darasa la pili, hakuruhusiwa kushindana, lakini alinisaidia kuliko mtu yeyote. Alikuwa akisoma kila kitu chenye maandishi, maboksi ya sabuni, magunia, makopo yaliyotupwa jalalani nyuma ya jiko. Alinipatia margarine kutoka kwenye kopo, na cream kutoka kwenye chupa ya mafuta ya matron. Jumatano mchana alikuja anakimbia kwa mguu mmoja, kiatu mkononi, akanigeuzia soli na kuweka kidole kwenye maandishi yaliyofutikafutika. Hakusema kitu maana alikuwa hana Kiingereza cha kusema. Alinyoosha kidole tu na kucheka bila sauti. Leather likawa la arobaini na moja.

Jioni hiyohiyo nilijikwaa kwenye jiwe karibu na mabomba, ukucha ukafunuka, nikasema mama yangu weee. Kibao kikanifikia kabla sijamaliza. Aliyenivika alikuwa rafiki yangu wa dawati moja, na alikuwa na haki ya kufurahi, kilikuwa kimemkaa shingoni siku mbili. Nilipigwa viboko vyangu viwili. Sikulala vizuri. Nilikuwa na maneno arobaini na moja ambayo yangetupwa, na Jumamosi ilikuwa ya kutembelewa. Niliona ndizi za mama yangu zikirudishwa getini zikiwa za moto.

Asubuhi ya Alhamisi tulikuwa kwenye mabomba, baridi ile ya Ngaramtoni inayokata masikio, mikono imekufa ganzi kwa maji. Anaeli alinijia polepole akitembea upande, mkono mmoja umeshika chini ya kitovu. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Alisimama karibu yangu kabisa na akasema kwa sauti ya chini, "Dada, tumbo linaniuma sana. Niitie mama."

Wasichana wawili waliokuwa wakipiga mswaki waligeuka wakanitazama. Sitasema kwamba sikujua nilichokuwa nafanya. Nilivua kibao shingoni mwangu nikamvika yeye. Aliinamisha kichwa mwenyewe ili kamba ipite vizuri, kwa adabu, kama alivyozoea nikimvalisha sweta. Kilipomkaa kifuani alikitazama, halafu akanitazama mimi. Nikamwambia kwa Kiingereza aende kwa matron. Alikuwa hajui neno la tumbo kwa Kiingereza, na mimi nililijua, na sikumpa.

Nilijipa sababu, mtoto hakosi sababu. Nilisema watoto wa darasa la pili huumwa matumbo kila Alhamisi kwa sababu Jumatano tunakula makande. Nilisema anadeka. Saa nne nilimwona kupitia dirishani, amekaa chini ya ukuta wa darasa lao, amejikunja, paji la uso juu ya magoti, kibao kimening'inia kati ya miguu. Nikadhani anatafuta maneno chini ya kiatu kingine. Kweli nilidhani hivyo, na nikatumaini ni marefu. Jioni aliponyoosha mkono kwa ajili ya viboko ilibidi anyooshe wa kushoto, wa kulia hakuweza kuuondoa tumboni. Siku ile nzima hakumwambia mtu yeyote kitu. Angemwambia nani, na kwa lugha ipi?

Ijumaa hakuwepo mstarini. Mtoto wa bweni lao alisema kwa Kiingereza chake cha kuokota kwamba Anaeli amelala, na kwamba kibao anacho. Mwalimu wa zamu akaandika jina lake kwenye orodha ya wasioitwa getini kesho yake. Baadaye Madam alihesabu maneno. Nilishinda. Aliyenifuata alikuwa na thelathini na matatu. Nilisimama mbele, wakanipigia makofi ya kupangwa, matatu matatu, na Madam akasema leather ni neno zuri, amelipenda. Niliona fahari kuliko siku yoyote niliyokuwa nimeishi.

Mchana, baada ya chakula, tulisikia sauti kutoka bweni la wavulana wadogo. Alikuwa matron, na alikuwa analia kwa Kiswahili. "Jamani, mtoto wa watu huyu. Kwa nini hamkuniambia?" Alirudia hivyo mara nyingi, akitoka na kuingia mlangoni, funguo zinagonga. Kilikuwa Kiswahili cha kawaida kabisa, cha mama yeyote wa Arusha, laini kuliko cha mama yangu. Nilisimama pale na bakuli langu, na nakumbuka jambo la kwanza lililonijia si Anaeli. Nilifikiri, kumbe anakijua. Wakamtoa amefungwa blanketi, wakampandisha mbele kwenye pikapu ya shule, matron amempakata. Niliona mguu mmoja wenye soksi niliyoifua mimi. Pikapu ikashuka kuelekea mjini, na vumbi lilichukua muda kutulia.

Alifia hospitali alfajiri ya Jumamosi. Utumbo ulikuwa umepasuka tangu siku iliyotangulia, ndivyo watu wazima walivyosema baadaye wakidhani sisikii. Miaka ile si kila nyumba ilikuwa na simu, na mtu aliyetumwa kwetu alipishana njiani na mama mdogo. Kwa hiyo saa tatu asubuhi nilimwona akiingia geti jekundu, peke yake, mama yangu alikuwa na homa. Alivaa kitenge cha kanisani. Amebeba hotipoti kwenye kikapu, amefunika kwa kitambaa cha kufuma. Askari wa getini alitafuta jina kwenye orodha na kumwambia mwanawe amefungiwa leo, hatoki. Mama mdogo akacheka kidogo, nilimwona, kicheko cha mzazi anayefikiri ameshajua kosa la mwanawe. Ndipo mwalimu mkuu alipotoka mbio ofisini kumpokea. Mlango wa ofisi ulifungwa. Sikusikia chochote, na nilisubiri muda mrefu nisikie. Baadaye mpishi aliniletea ile hotipoti bwenini akisema ni ya ndugu yenu, isije ikatupwa. Zilikuwa ndizi za nyama, bado za moto. Nilikuwa na njaa. Nikala.

Alizikwa kwao, kwenye migomba nyuma ya nyumba, kama tunavyozika. Kwaya iliimba, mchungaji akasoma historia yake, ikaisha haraka. Siku ya tatu, wanawake wamekaa chini kwenye mikeka sebuleni, mama mdogo aliniita mbele yao. Alinivuta nikakaa mapajani pake ingawa nilikuwa mkubwa kwa hilo. Akaniuliza kama Anaeli aliniambia chochote. Mimi nilikuwa na mazoea mazuri ya kunyamaza, nilifundishwa. Nikasema, "Hakusema kitu. Alilala tu." Wanawake wakashusha pumzi kwa pamoja. Mmoja akasema Mungu ni mwema, mtoto hakuteseka. Mama mdogo akanibusu juu ya kichwa na kusema asante.

Tangu hapo ikawa ndiyo habari ya kifo cha Anaeli. Hakuteseka. Kwenye kipaimara, kwenye harusi, kwenye misiba ya wengine, mama mdogo amekuwa akinishika mkono na kuwaambia watu kwamba huyu ndiye aliyekuwa naye, huyu ndiye anayejua kwamba mwanangu aliondoka kimyakimya. Aliwafariji kwa habari hiyo akina mama wengine waliofiwa. Nami nilisimama hapo, mtu mzima, ninayefanya kazi mapokezi kwenye ofisi ya watalii, ninayelishwa na Kiingereza changu asubuhi mpaka jioni, na sikuwa na neno. Niliona aibu, na aibu yenyewe niliizoea. Nilijiambia kwamba ninamlinda. Uongo ule ulimnufaisha yeye kwa faraja na mimi kwa usalama, na tuliugawana miaka yote hiyo.

Jumamosi iliyofuata baada ya ule mchezo wa binti yangu nilipanda kwetu. Nilimkuta mama mdogo uani anapukuchua maharage kwenye ungo. Amezeeka, mgongo umepinda, lakini vidole bado vina kasi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akanisogezea kigoda. Sikusubiri chai. Nilimweleza habari ya kibao na jinsi tulivyokipokezana, na maneno arobaini na moja, na orodha ya getini. Alisikiliza bila kusimamisha mikono, akitikisa kichwa kwa habari za shule ile iliyokwisha kufungwa siku nyingi. Nilipofika kwenye mabomba, mikono ilisimama. Nilimwambia nilivyokivua na kumvika. Kisha nikangoja anilaani, na naapa ningeshukuru.

Kuku wakaanza kudonoa ungo, hakuwafukuza.

"Kwa hiyo aliongea," akasema.

"Ndiyo, mama mdogo."

"Usinieleze alichosema. Sema kama alivyosema yeye."

Nilisema. Dada, tumbo linaniuma sana, niitie mama. Sauti yangu ilitoka ndogo, sikukusudia. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia tena, na mara ya tatu midomo yake ilikuwa inakwenda pamoja na yangu, bila sauti, kama mtu anayejifunza kusoma.

"Aliniita," akasema. "Na mimi miaka yote hii nawaambia watu namshukuru Mungu, mwanangu hakunihitaji."

Nilipiga magoti. Nilianza kusema nilikuwa mtoto, nikaacha. Hakunigusa wala hakunisukuma. Alijifuta mikono kwenye kanga, akaokota maharage yaliyodondoka, moja moja, akayarudisha kwenye ungo, na kusimama kwa shida bila kukubali mkono wangu. Aliniambia niende nyumbani kwa mtoto wangu. Akasema akitaka kuniona ataniita.

Huu ni mwezi wa tano tangu siku ile. Mama yangu anasema mama mdogo hajambo, anakula, anakwenda kanisani, ila siku hizi jioni anakaa peke yake huko migombani na hataki kufuatwa. Nimeuliza kama ananitaja. Mama amesema hapana. Mimi niko hapa, tayari kuacha chochote ninachofanya nipande saa yoyote. Hajaniita.